Hodi Ukutani

Dada Somoe,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, maana ningeanza barua bila kukuamkia najua ungeninunia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, upande wako, na kucha zangu bado zina vumbi la ukuta. Ndiyo, dada, nimetoboa. Mimi niliyekuwa nashika gazeti chini ya tundu kukinga vumbi huku nimefumba macho, leo nimeishika drili yako ya betri na nimetoboa ukuta. Usicheke kwanza, nisikilize.

Baada ya arobaini ndugu walikaa kugawana vitu vyako. Khanga zikaenda kwa mashangazi, na vile viatu ambavyo hukuwahi kuviuza sokoni Mchikichini vikapata miguu ya kuvivaa. Nilisaidia hata kufunga mafurushi. Ila Kaka Bakari alipoliona lile boksi la kijani chini ya kitanda alilivuta, akasema, "Hii drili wewe utaifanyia nini? Kitu cha kiume hiki." Nikamwambia nitaitumia. Akacheka, akasema atapita baada ya Idi, na akiikuta bado imelala kwenye boksi, anaondoka nayo. Wote waliokuwepo wakaona kasema la maana.

Kitu cha kiume! Nikaikumbuka siku ile Kariakoo, muuza duka anakwambia, "Dada, si umlete shemeji aje achague mwenyewe?" Nawe bila hata kumtazama ukamjibu, "Shemeji yako ndiye mimi." Ukaomba kipande cha ubao ukakitoboa palepale, mpaka wabeba mizigo wakasimama kutazama. Ulikuwa umechoka na mafundi wa "nakuja sasa hivi" wanaotokea wiki ya pili. Na ulitaka ya betri kwa sababu nyumba nzima tunatumia luku moja ya umeme, na mtu akichomeka hata pasi, vichwa vinatoka milangoni korido nzima.

Unakumbuka tundu letu la kwanza? La bomba la pazia. Hukujua kuta za nyumba hizi za Ilala zilivyo nyembamba. Uliisukuma biti, ile ncha ya drili, mpaka ikatokezea chumbani kwa Bi Kulthum, juu kidogo ya kitanda chake, mwenyewe kashika kikombe cha chai. Tukasikia sauti upande wa pili: "Nani huyo anaingia bila hodi?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ukaenda kumwomba radhi, ukaliziba tundu kwa sabuni ya mche, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi yenu. Kabla ya kutoboa unagonga ukuta kwa ngumi, unasema "Hodi!", naye anaitikia, "Karibu, lakini ishia hapohapo!" Ulikuwa unapiga hodi hata kwenye ukuta wa uani, ambako nyuma yake kuna kuku tu.

Dada, nina hamu nawe mpaka naona aibu. Bado napika wali wa watu wawili, halafu naukasirikia ule unaobaki. Jioni nikisikia ndala zinaburuzwa kwenye korido nanyanyua kichwa, na najua si wewe, na bado nanyanyua.

Na ile shelfu. Uliianza kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nalalamika kila siku kwamba chupa zangu za manukato zinaangushwa. Upande wa kushoto ulimaliza kutoboa. Upande wa kulia uliweka alama, misalaba miwili midogo, kwa wanja wangu, maana penseli hatukuwa nayo. Nikakugombeza kwamba unaniharibia wanja. Ukasema, "Nimechoka leo, tutamalizia kesho." Kesho yake tukakupeleka hospitali, na kutoka hospitali tukakupeleka Lindi, ukalazwa pembeni ya kaburi la mama.

Alama zikabaki ukutani. Kila nikiamka nazitazama, kwa sababu ni kitu cha mwisho ulichokifanya kwa mkono wako humu ndani. Na drili haiwezi kubaki kwangu bila kutumika, na biti ikiingia, alama inaondoka. Utasema ningetoboa mahali pengine. Niliwaza hivyo, tena sana. Lakini kazi uliyoiacha ni ile pale, na ningejua kwamba nimeikwepa.

Leo asubuhi, Idi ikiwa imekwisha, nikaitoa kwenye boksi. Nikaifunga biti kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya, nikapanda juu ya stuli, nikagonga. "Hodi." Sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi. Redio ya Bi Kulthum ilikuwa inaongea, ikazimwa. Nikagonga tena, "Hodi." Hakuitikia. Nikafikiri nimemuudhi, kwamba neno lile lilikuwa lenu wawili na mimi nimelichukua bila ruhusa. Nilishateremsha mguu mmoja nikamsikia, karibu kabisa, kama kaweka mdomo ukutani.

"Karibu, mwanangu."

Halafu, "Lakini ishia hapohapo." Nikasikia analia. Nami nikalia, juu ya stuli, na drili mkononi, kisha nikabonyeza.

Hakukuwa na wa kushika gazeti. Vumbi lote lilinimwagikia miguuni. Msalaba wa kwanza ukaondoka, na wa pili nao ukaondoka. Nikakaza skrubu, shelfu ikakaa. Imeinama, dada! Alama zako zilikuwa zimepinda, na pimamaji ya kupimia unyoofu ulikuwa nayo siku zote kwenye boksi, hukuitumia kwa kiburi chako. Chupa za manukato zinataka kuteremka kulia. Siinyooshi ng'o.

Alasiri Kaka Bakari akaja. Akaitikisa shelfu kwa mikono miwili, ikagoma. "Imeinama," akasema. Nikamwambia, "Ndivyo Somoe alivyopima." Akaitazama, akakaa, nikampakulia ule wali wako. Alipomaliza kula alinawa, akaaga. Boksi hakuligusa.

Nakuahidi haitalala tena humo. Tayari Bi Kulthum anataka kulabu ya chandarua, kwenye ukuta huuhuu, ila safari hii nitatobolea kwake. Kwa hiyo kesho nitasimama chumbani kwa Bi Kulthum na nitapiga hodi kuelekea kwetu, ambako hakutakuwa na mtu.

Lala salama, dada yangu. Kesho nikishagonga nitasubiri kidogo kabla ya kubonyeza. Ukiweza, itikia.

Mdogo wako,
Zainabu