Ng'ombe Wachache wa Mzee Kashaija

Jumanne, Bugomora. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Nadhani nayo inasubiri mwongozo wa Spika.

Nimechoka, na sijashika jembe. Nimesikiliza Bunge tu. Anayesema kusikiliza si kazi hajawahi kukaa na kipindi cha maswali na majibu mpaka mwisho.

Kwa kawaida redio ya kibanda changu cha kuchajia simu hupiga muziki. Leo ilikuwa na shughuli. Kiangazi hiki kilipokausha malisho, wachungaji wa Mzee Kashaija walifuata majani hadi wakavuka mpaka. Wao walirudi. Ng'ombe wakazuiliwa ng'ambo, na shemeji zetu wa huko wametuletea habari kwamba wasiposemewa na serikali watapigwa mnada. Mheshimiwa mmoja wa kanda yetu akaahidi kuuliza bungeni. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mzee alifika mapema, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi. Akakaa kwenye benchi langu kama mtu aliyekuja kukabidhiwa ng'ombe kutoka ndani ya redio. Deo, dereva wetu wa bodaboda asiyejua kunyamaza, akamwuliza kama amebeba na kamba za kuwafungia. Mzee akainamisha sikio kwenye redio. Nyumbani kwake, ambako maziwa hayajawahi kununuliwa tangu enzi za babu yake, wajukuu sasa wanakunywa chai ya rangi. Mtu wa namna hiyo humtanii sana. Deo alimtania kidogo tu.

Kwanza wakatambulishwa wageni. Wanafunzi wakasimama, wakaketi. Kwaya ikasimama, ikaketi. Mke wa mheshimiwa fulani akasimama, na meza zikapigwa kuliko zilivyopigwa kwa kwaya.

Kisha maji. Kisha minara ya simu. Kisha barabara moja ambayo upembuzi yakinifu wake uko hatua za mwisho. Hatua hizo za mwisho nazisikia tangu sijaota ndevu.

Mambo ya nje yalipofika, mzee alisogeza benchi. Mheshimiwa wa kwanza akataka kujua lini tutajenga ubalozi katika nchi ambayo hata Deo, anayejua kila kitu, hakuwahi kuisikia. Wa pili akauliza kuhusu walimu wa Kiswahili kwenda ughaibuni. Naibu waziri alijibu vizuri, kwa kirefu na kwa furaha. Maswali ya mbali hujibika.

Ndipo akasimama wa kwetu. Akamshukuru Mungu, akampongeza kila aliyestahili, akatoa pole kwa wafiwa ambao hakuwataja, kisha akauliza Serikali ina mpango gani wa kuwarejesha ng'ombe wachache wa wananchi wa mpakani waliozuiliwa nchi jirani.

Wachache.

Hapo nikajua tumekwisha. Neno hilo nilikuwepo lilipozaliwa. Kijana wa mheshimiwa alikuja kwa mzee, akapewa kigoda, akauliza ng'ombe waliozuiliwa ni wangapi. Sasa, mgeni asiyetoka kwenye ng'ombe hawezi kujua kwamba swali hilo haliulizwi. Mfugaji wa huku hahesabu mifugo yake kwa mdomo. Ukiitaja idadi, umeionyesha kwa kifo. Mzee alitazama chini akajibu kwa adabu: "Wachache tu, mwanangu. Wa kusukumia maisha." Nilikohoa. Deo akakohoa. Kijana wa watu akaandika alichoambiwa, akashukuru, akaondoka.

Basi neno likasafiri mpaka Dodoma, likavalishwa suti.

Naibu waziri akajibu kama ifuatavyo: kwamba uhusiano wetu na nchi jirani ni mzuri na wa kihistoria, na kwa kuwa ng'ombe wanaotajwa ni wachache, Serikali inaona suala hilo limalizwe na viongozi wa vijiji vya pande zote mbili kwa moyo wa ujirani mwema. Viongozi wa vijiji! Wetu ameshakwenda mara nyingi mpaka wenzake wa ng'ambo wamemzoea. Wanampa ndizi. Ng'ombe hawampi.

Ikaja nafasi ya swali la nyongeza. Spika, kwa sauti ya mtu mwenye njaa, akamwuliza wa kwetu ng'ombe hao ni wangapi hasa. Redioni zikasikika karatasi zikipekuliwa. Namwonea huruma, maana angetoa wapi jibu?

"Mheshimiwa Spika, ni wachache, lakini ni muhimu."

Bunge zima likacheka. Tukahamia kwenye bei ya mbolea.

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza tu, taratibu, "Aliyewaambia wachache ni nani?"

Deo akanitazama. Mimi nikatazama chaja.

"Ni wewe, mzee," nikasema.

"Mimi nilimwambia mgeni. Sikuiambia serikali."

Akachukua fimbo yake akaenda.

Nimekasirika kutwa nzima na sijui nimkasirikie nani. Naibu waziri alijibu alichoulizwa. Mheshimiwa aliuliza alichoandikiwa. Kijana aliandika alichoambiwa. Na mzee alisema kile ambacho baba yake angesema. Kila mtu ametimiza wajibu wake, na ng'ombe wanakwenda mnadani.

Jioni, mawingu yakiwa bado juu ya migomba, nilimfuata kwake. Deo akanipakia bure, jambo ambalo peke yake lingestahili kupigiwa meza. Tulimkuta mzee amekaa mbele ya zizi tupu. Mkewe, Mama Koku, alikuwa akimenya ndizi kando. Tukaamkia, tukaitikiwa. Sikuuliza wangapi. Niliuliza kama yule Bihogo, mwekundu wa pembe ndefu, naye yuko huko.

"Bihogo yuko," akasema. "Na mwanawe."

Nikakunja vidole viwili ndani ya mfuko wa suruali.

Kisha akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. Gaaju aliyezaa pacha. Yule mweusi aliyetolewa mahari ya binti yao. Yule aliyevunjika pembe, asiyekamuliwa na mtu mwingine ila Mama Koku. Kila mmoja na mama yake, na bibi yake, na tabia yake mbaya. Vidole vyangu vikaisha. Nikahamia mkono wa pili, nao ukaisha, na mzee anataja. Nilipogeuka, nikamwona Deo amesimama nyuma yake, kimya kwa mara ya kwanza maishani, mikono mgongoni. Alikuwa amepokea pale nilipoishia, anakunja vyake.

Mama Koku hakuinua macho kwenye ndizi. "Umemsahau Mayenje," akasema.

"Sijamsahau," mzee akajibu. "Mmoja lazima abaki bila kutajwa. Ukiwataja wote, umewahesabu."

Akatunyooshea kidole cha onyo, kisha akaagiza tuletewe chai. Ya rangi. Aliomba radhi kwa rangi yake kama mtu anayeomba radhi kwa msiba.

Njiani tulikuwa tunarudia majina, mimi moja, Deo moja, tusiyapoteze. Nimeshamtumia mheshimiwa ujumbe kwenye simu: majina yote, rangi zao, pembe zao, na Mayenje nimemwacha kama nilivyoagizwa. Nimemwomba kesho asimame, asiseme wachache wala wengi. Asome majina tu, moja baada ya jingine, mpaka Spika amkatize.

Kuhesabu wahesabu wao. Wao hawana ng'ombe wa kufa.