Kisu Ulichoficha Ndani ya Unga

Riruta, Jumapili baada ya ibada

Kwako Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu nikiwa mzima, nimeshiba na viatu nimevua. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua inasaidia, ama ushagawia majirani nusu? Na ng'ombe amezaa? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka laudspika, na habari hizi sitaki zisikiwe na kwaya nzima. Dada Naliaka wa kanisani anasafiri huko wiki hii, atakukabidhi barua mkononi.

Unga wa wimbi ulifika. Kisu nacho kilifika. Nilikikuta nikichekecha, nusura kinikate kidole. Halafu nilipokupigia ukanipa njia mbili tu: nikibebe kila siku, ama nifunge virago nirudi nyumbani. Najua ni hofu, Mama. Tangu usikie nilinyakuliwa simu hapa steji ya Adams hulali vizuri. Lakini kurudi sirudi. Wateja wangu wa Kenyatta Market nimewapata mmoja mmoja kwa miaka, na mikono yangu ya kusuka sasa inajulikana pale. Kwa hivyo nikakutii, nikabeba kisu.

Nilikifunga kwa gazeti nikakitia chini kabisa ya begi, nikaenda mjini kununua nywele za kusukia. Mlangoni mwa jengo la maduka askari akapitisha kile chombo chake cha kutafuta chuma, kikalia.

"Madam, hii ni ya nini?"

"Ya kukata embe."

"Na embe iko wapi?"

Sikuwa na embe. Bahati nzuri alikuwa mtu wa watu. Alikiweka chini ya meza yake mpaka nilipotoka, akaniambia kwamba polisi wa barabarani hawataniuliza mambo ya matunda. Nilirudi nacho nyumbani nikihisi kila mtu ananitazama.

Ndipo nikakaa nikafikiria kama mtu anayefungasha safari. Jirani yangu wa ploti, Mama Shiru, amezaliwa na kukulia huku, na ndiye mwalimu wangu. Yeye huanza na miguu: vaa raba, viatu vya kazi vikae ndani ya begi. Simu ya maana ifungwe kiunoni kwa leso, na mkononi ushike mulika mwizi, ile ndogo ya tochi ambayo hata mwizi akiinyakua anaweza kukurudishia kwa huruma. Begi livaliwe kifuani unavyobeba mtoto mgonjwa. Kuna na dawa ya kupulizia mtu machoni. Mama Shiru alinunua, akaijaribu hapo uani, upepo ukamrudishia yote, akalia mpaka chakula cha mchana. Mimi nikachagua filimbi ya refa. Naivaa shingoni chini ya sweta, na hakuna askari aliyewahi kuniuliza embe iko wapi.

Alhamisi nilitoka sokoni mapema, jua bado kali, nikawa natembea kuelekea Adams. Nilikuwa nimesuka kichwa kigumu, mgongo unauma, kwa hivyo begi nililiacha likining'inia begani. Mwanaume mmoja akapita akalinyakua. Nikapuliza filimbi.

Ilifanya kazi, Mama. Ilifanya kazi kupita kiasi. Watu wa bodaboda, mafundi, wauza mitumba, wote walitoka kana kwamba walikuwa wakiingoja. Hakufika hata ng'ambo ya barabara. Nilipowafikia alikuwa chini, amelikumbatia begi langu, ndala moja imekatika. Ni mtu wa rika langu. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi tayari, na mwingine anapaaza sauti, "Leta tairi!" Unajua tairi huletwa ya nini.

Sijui maneno yalitoka wapi. "Mwachilieni! Huyo ni bwana yangu!"

Wakanigeukia wote.

"Si ungesema mapema, mathe?" akasema wa bodaboda, amekasirika kama aliyepotezewa wakati.

"Mambo ya nyumba hatuingilii," akasema yule wa jiwe, akaliweka chini.

Mzee anayeuza viatu akamwinua mwizi, akampangusa vumbi. "Na wewe, ukitaka kitu ya bibi yako unaomba. Hunyakui."

"Sawa, mzee," mwizi akajibu.

Nimeliwaza sana jambo hili. Mwizi wangemchoma, lakini mume walimpa ushauri. Sijui nicheke au nilie.

Kwa kuwa walikuwa wanatutazama, ilibidi tuondoke kama mke na mume. Begi alibeba yeye. Nilimshika mkono. Tulipofika Adams alinipa begi, akafungua mdomo kusema kitu, nikamwambia, "Enda." Akaenda. Mimi nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Niliogopa sana, Mama, na si yeye niliyemwogopa.

Sasa fikiria kisu chako kingekuwa ndani ya lile begi. Wangelipekua, wangekiona, na hakuna mke angeweza kumtetea mume mwenye kisu barabarani. Angekufa mbele yangu, kwa kisu ambacho hata yeye hakujua anacho. Kwa hivyo sikibebi, na nyumbani sirudi. Ukikasirika nitakuelewa. Kiko jikoni, kinakata sukuma wiki vizuri sana.

Nisalimie kaka yangu Simiyu na mkewe, shangazi wa kule mtoni, na mwalimu wa kwaya. Lakini habari ya bwana usimwambie mjomba. Ataanza kuulizia ng'ombe wa mahari, na mimi mtu yule hata jina sikumuuliza.

Binti yako,
Nekesa