Zohre Ku?

Shoga yangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na hali yako mie naijua, basi swali hilo tuliruke. Yangu ndiyo utakayotaka kuijua. Niko hai, nakula, nalala, na juzi nimegombana na muuza mkaa wa Chang'ombe kwa sababu kanijazia vumbi chini ya gunia, kwa hiyo ujue sijabadilika sana. Nakuandikia jikoni kwa Agha, huku Mikocheni, kwenye kile kimeza ulichokuwa ukikatia vitunguu. Bibi amejilaza baada ya adhuhuri. Akiamka nitaacha.

Nina habari moja kubwa ya kukupa, lakini siwezi kuianza hivi hivi.

Kiwanda chetu kimepata mwenyewe mpya. Usifurahi, hashoni nguo. Kakigeuza ghala la mitumba, na zile mashine zetu zimetolewa nje, zinanyeshewa mvua. Nilipita nikasimama getini pale pale tuliposimama siku tuliyopunguzwa kazi. Wenzetu wote wanalia, na wewe ukasema, "Si wamesema kila kitu ruksa? Basi na njaa ruksa." Nilicheka mpaka mlinzi akadhani nimerukwa na akili. Safari hii nilisimama peke yangu, nikaondoka.

Wewe ndiye uliyepata kibarua kwanza, kwa hawa Waajemi wanaoleta mazulia na tende. Ulikuwa umpikie bwana mwenyewe, Agha, na kumwangalia mama yake, huyu Bibi, mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukampikia, ukamwogesha, ukamsikiliza, na kabla hatujajua vipi, ukawa unasema Kiajemi. Mtoto wa Temeke! Wakahitaji wa kufua, ukanitafuta. Uliniambia, "Bibi hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na wewe mdomo wako hauwezi kukaa bure. Utajifunza tu."

Somo la kwanza tulifanyia uani, mikono yangu imo kwenye povu. Ulisema nisihangaike na mimi wala wewe wala yule, wala jana wala kesho. Nishike kwanza kitenzi kitupu, kile kisicho na mwenyewe wala wakati. "Sie chetu tunakivika kofia," ulisema. "Kwenda, kupika, kufua, kofia ni hiyo ku. Wao kofia hawana, wanafunga kanga kiunoni. Sikiliza mwisho: raftan, pokhtan, shostan. Hiyo -an ndiyo kanga yao." Raftan ni kwenda. Amadan ni kuja. Shostan ni kufua, na hilo nililishika upesi maana nilikuwa ndani yake mpaka viwikoni.

Halafu ukanifundisha khordan, kula. Kumbe Waajemi hata chai wanaila! Kiapo wanakula, kama sie. Lakini huzuni nayo wanaila, ghosse khordan. Ukaniambia, "Hawa watu, shoga, hawabakizi kitu sahanini."

Na mie nikajiona mjuzi. Siku ile nimerudi sokoni, samaki nimewaacha jikoni, nikaenda kwa Bibi na fahari zangu: "Bazar, mahi, khordan." Nilitaka kusema nimekwenda kununua samaki, na kununua ni kharidan. Maskini ya Mungu akapapasa kikapu, kitupu, akajua nimewamaliza njiani. Alinipa pole ya njaa! Wewe ulikaa chini sakafuni kwa kicheko, kanga mdomoni.

Uliniambia pia kwamba ukitaka kusema jambo limekwisha kupita, unaivua tu ile kanga. Pokhtan ni kupika, pokht, amepika. Shostan, shost. Nilisikia, lakini sikulifanyia kazi. Vitenzi vitupu vilinitosha. Bibi naye alinizoea, akawa ananisemesha hivyo hivyo: "Amadan! Chai! Khordan!" Tukaelewana. Maneno marefu nilikuachia wewe.

Kisha homa ikakupanda kichwani.

Siku ambayo akili zako bado zilikuwa zako, pale hospitali, ulinishika mkono ukasema, "Bibi asije akadhani nimemkimbia. Mwambie, Siwema." Nikakujibu utamwambia mwenyewe ukipona. Nilikuwa na hakika. Wallahi, Zuhura, nilikuwa na hakika kabisa.

Tulipokwisha kukuzika, nilirudi kazini, na Agha alinisubiri mlangoni. Macho yake mekundu, simsingizii. Akasema, "Mama moyo wake mbaya. Wewe sema Zuhura amekwenda Tanga kwao, amepata kazi." Ningembishia kwa ubavu gani? Na kazi siku hizi unazijua. Nikaenda kufua.

Lakini Bibi aliuliza. Kila nikiingia anageuza uso kwenye mlango na kusema, "Zohre ku?" Maana hilo ndilo jina alilokupa, Zohre. Na hiyo ku kwa Kiajemi cha nyumbani ni yuko wapi. Najua, ulinifasiria. Lakini masikio yangu ni ya Kiswahili, na kila aliposema "Zohre ku?" nilisikia kama ameanza kitenzi chetu, amekivika kofia, ananisubiri mie nikimalizie. Zuhura ku… Na mie namalizia kimoyomoyo, natoka na beseni langu.

Jibu la Agha, alilompa mwenyewe, halikumwingia. Alikaa akingoja salamu kutoka Tanga, salamu hazikuja. Akaacha kuuliza. Hapo ndipo pabaya palipoanza, kwa sababu alianza kukasirika. Siku moja nimempelekea wali, akausukuma, akasema, "Zohre bivafa." Unakumbuka alivyomwita hivyo yule muuza maziwa aliyehamia mtaa mwingine bila kuaga? Asiye na fadhila. Sasa ni wewe. Akapapasa pembeni yake, akautwaa ule mtandio uliomtarizia Idi, akaukunja vizuri, akanikabidhi. Akaonyesha sakafu kwa kidole. Nipigie deki.

Damu ilinichemka. Sikumkasirikia yeye, bali ule uongo uliokaa ndani ya nyumba ile na kukuchafua wewe usiyeweza tena kujitetea. Nikasema kazi na iende, moyo wa mtu mzima umekula chumvi kuliko wangu, utahimili. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono yote miwili.

"Zohre," nikasema. "Mordan."

Kufa. Ndilo nililokuwa nalo.

Akauliza, "Mimire?" Sikulijua neno hilo, lakini nililitambua kwa alivyofanya. Alianza kutafuta viatu kwa miguu, chini ya kiti, huku na huku. Akawa anasema nami kwa vile vitupu vyetu ili nielewe upesi. Raftan! Raftan! Twende. Pokhtan! Akupikie supu. Shali yake iko wapi? Gari liko wapi? Alidhani unakufa, Zuhura, alidhani ndiyo kwanza uko katika kufa na tukikimbia tutakukuta. Na sura yake ilikuwa imefunguka, maana kama u mgonjwa basi hukumkimbia.

Kiatu kimoja alikuwa keshakivaa.

Nilijua kosa langu lilipo. Neno nililompa halikuwa na wakati ndani yake, na yeye akaliweka pale alipotamani liwe. Ilinibidi niivue ile -an kwa mdomo wangu mwenyewe. Huko Temeke nilikuwa nimewaambia watu amekufa, amekufa, mlango kwa mlango, nikalizoea. Kwetu neno hilo halivui hata kofia, ku yake imo mle mle, unalisema ukapita. Lile la Kiajemi lilikuwa fupi, na nilikuwa sijapata kulisema maishani mwangu.

"Mord," nikamwambia.

Ndipo na mie nilipojua kwamba umekufa. Sijui nilikuwa najua nini kabla ya hapo.

Bibi alinipapasa uso mpaka akakuta machozi, akanivutia kifuani kwake, na kile kiatu kimoja mguuni. Nikakumbuka agizo lako, na nisingeweza kulibeba tena hata kwa siku moja. Nikaanza kukusanya nilivyo navyo, kama mtu anayeokota mchele: "Zohre. Raftan. Khastan. Na." Kwenda, kutaka, hapana. Nikarudia. Akawa anavishika kimoja kimoja, anavipanga midomoni, kisha akasema polepole, "Nakhast beravad." Hakutaka kwenda. Alilisema mara nyingine kwa kuuliza, na kwa kuwa haoni, nilimbana mkono kwa nguvu zangu zote, ndiyo Bibi, ndiyo. Akaomba mtandio. Nilikuwa sijaupigia deki, nisingethubutu, nilikuwa nimeusokomeza kifuani.

Agha alikuja mbio kwa kusikia kilio. Alinifokea hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na Bibi akamnyamazisha kwa maneno ambayo hata vitenzi vyake sivijui na sidhani kama ungenifundisha. Lakini arobaini yako ilipopita, ni yeye aliyeleta gari mbele na kumwinua mama yake kumweka kitini, akaniambia nipande niwaonyeshe njia.

Tulikuja, Zuhura. Hii ndiyo habari yangu. Bibi kaletwa makaburini Temeke na marashi ya waridi kwenye chupa, akaomba nimshushe chini kabisa, akaugusa udongo wako kwa ncha za vidole na kusoma Fatiha. Kisha akasema nawe, kwa sauti ya ukali kidogo, ile ya kukugombeza ukichelewa: "Zohre, chera rafti?"

Nililielewa lote. Ni raftan, kanga imevuliwa, na mwishoni imewekwa -i ambayo ni wewe. Zuhura, kwa nini ulikwenda? Tangu ufe kila mtu alikuwa anasema marehemu hivi, marehemu vile, nami pamoja nao. Hakuna aliyekuwa amekuambia wewe. Ndiyo sababu leo nimekuandikia.

Bibi akageuka kwangu, akaniuliza kwa mkono: na nyie husemaje? Nikamwambia tunasema tangulia. Nikamwonyesha kwa vidole juu ya kiganja chake, kimoja kinakwenda mbele, kingine kinafuata. Miaka yote amekaa nchi hii hataki neno letu hata moja. Akainama karibu na udongo, akalitamka vipande vipande, ta-ngu-lia, mpaka likatimia.

Namsikia anajigeuza kitandani, ataniita sasa hivi. Nakuaga, shoga yangu. Namwogesha kila Ijumaa, na kichwa namsuka zile nywele chache kama ulivyokuwa ukimsuka, ingawa ananung'unika kuwa mkono wangu mzito. Ameanza kunifundisha yaliyobaki, mimi na wewe na yule, jana na kesho. Nakuahidi nitayajua yote, na maadamu ninapumua hakuna nyumba ambamo utasemwa vibaya nami nipo nikakosa neno la kujibu.

Tangulia, Zuhura. Bibi anajua hukumkimbia.

Ni mie shoga yako,
Siwema