Usimruhusu Apige Window

Kasulu, 4 Machi 2013

Kwa shemeji yangu, Mwalimu Elisante,

Pokea salamu za huku kwetu. Mimi mzima, ni mgongo tu unaonikumbusha umri, na maharage yametoka vizuri baada ya mvua. Wewe na mdogo wangu Anifa mnaendeleaje na baridi ya Kibondo? Nasikia siku hizi ugali wa muhogo unaumaliza mpaka unafuta sahani. Alhamdulillahi. Ulipokuja kuposa ulikuwa ukiutazama kama mtu aliyeletewa kesi.

Shemeji, nina tatizo, na sitaki kulisema kwenye simu maana inakatikakatika, tunabaki "haloo, haloo" mpaka salio linaisha. Unajua ile kompyuta yangu ya sebuleni ndiyo studio yenyewe. Picha zote nilizopiga tangu nianze kazi hii zimo humo, za harusi, kipaimara, maulidi, na pasipoti saizi za watu wa Kasulu nzima. Wiki iliyopita mteja kaja na flashi yake nimsafishie picha, nikaichomeka. Tangu hapo kila folda imegeuka kijipicha chenye mshale, na ukikibofya hakifunguki. Nikamwita fundi wa hapa mjini. Katazama, katikisa kichwa, kasema virusi vimekula kila kitu, dawa ni kupiga window upya. Nikamuuliza, na picha? Akasema, "Mama, picha ndiyo basi tena. Tufute, tuanze maisha mapya."

Maisha mapya ya nani?

Wenye harusi nitawaomba radhi, watanisema kisha watanyamaza. Inayoninyima raha ni picha moja. Unamkumbuka Ndihokubwayo, yule mama wa Kirundi wa kambi ya Mtabila aliyekuwa akinisaidia palizi? Mwaka jana kambi ilipokuwa inafungwa alimleta mama yake nimpige picha. Bibi yule hakuwa amepigwa picha hata siku moja. Kiti alikikataa. Pazia langu lenye maporomoko ya maji alilitazama, akacheka. Akaenda kusimama mlangoni kwangu, mkono kwenye fremu, kama mwenye nyumba anayesubiri wageni. Nikampiga hapo hapo. Kabla sijaitoa kwenye karatasi, siku yao ya kurudishwa Burundi ikafika. Nilikimbilia barabara ya Manyovu nikayakuta malori yanapita. Ndihokubwayo aliniona, akapiga kelele kutoka juu: "Nitunzie mama!"

Nami nikamjibu kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba nitamtunza. Sasa fundi anarudi Jumatatu ijayo. Nimruhusu au nimfukuze?

Ni mimi shemeji yako,
Mwajabu

*

Kibondo, 8 Machi 2013

Shemeji yangu mpendwa,

Asalaam aleykum. Usicheke, Anifa ndiye amenifundisha kuiandika. Sisi wazima, wanafunzi wananichosha tu. Ugali wa muhogo naukiri, lakini kesi bado naikataa.

Mfukuze. Tafadhali usimruhusu apige window. Akishafuta, hata mimi sitakuwa na la kufanya. Kirusi cha aina hiyo nimekutana nacho shuleni kwetu mara nyingi. Hakili mafaili, kinayaficha tu, kisha kinaweka hivyo vyenye mshale mahali pake. Kwa ninavyodhani, picha zako zimo humo humo ndani, wewe tu ndiye huzioni.

Nimemkabidhi konda wa basi bahasha yenye CD. Ndani yake kuna mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, badala ya window. Unaitwa Ubuntu. Umetengenezwa na watu wengi duniani, wakakubaliana kuutoa bure, na kirusi hicho cha mshale hakina ujanja nao. Fanya hivi: weka CD, zima kompyuta, uwashe tena na uiache isome yenyewe. Kama itang'ang'ania window, nipigie, kuna kitufe nitakuelekeza. Itachelewa, iache ichelewe. Itakuuliza maneno mawili, Try au Install. Try ni kujaribu, Install ni kusimika. Chagua Try. Hapo haigusi chochote chako. Kisha fungua diski yako utazame kama picha zimo.

Na usiichomeke tena ile flashi ya mteja, hata akilia.

Shemeji yako,
Elisante

*

Kasulu, 17 Machi 2013

Shemeji,

Sijui nianze na shukrani au na ugomvi. Habari za hapo nitauliza mwishoni, leo nimejaa.

Nianze na shukrani. Fundi nilimrudishia mlangoni. Nikaweka CD yako, nikakaa kwenye stuli na tasbihi yangu mkononi, mashine inanguruma. Ikatokea rangi ya zambarau na machungwa, kitu ambacho sijapata kukiona. Nikafungua diski. Shemeji, picha zipo! Zote! Folda zangu zimepangana kama nilivyoziacha, na vile vya mshale vimekaa pembeni havina kazi. Nikaitafuta ya Mtabila. Bibi yule hapo, mkono kwenye fremu, ananitazama. Nililia mpaka jirani yangu Maximilla akaja mbio akidhani nimepata msiba.

Sasa ugomvi. Kwa furaha ile nikaanza kazi palepale. Nikasafisha picha za harusi ya Kipriani, bwana harusi nikamwondoa jasho, bibi harusi nikamng'arisha, siku mbili nzima bila kuzima mashine. Kila nikimaliza naiweka pale kwenye uso wa mbele wa kompyuta niione vizuri. Jana umeme ukakatika. Uliporudi, nikawasha, nikachagua tena Try yako. Patupu! Kazi yote haipo, bwana harusi amerudi na jasho lake. Umeniletea kompyuta isiyo na kumbukumbu? Na bibi yangu wa Mtabila nilishamsafisha pia!

Nikasema moyoni, ndiyo maana wakaitoa bure. Tena imeletwa na Mpare. Tangu lini Mpare akatoa kitu bure kisiwe na kasoro?

Mnaendeleaje lakini? Na hata kama nimekasirika, niambie nikulipe nini.

Shemeji yako mwenye hasira kidogo,
Mwajabu

*

Kibondo, 21 Machi 2013

Shemeji yangu mwenye hasira kidogo,

Tunaendelea vizuri, na barua yako Anifa ameisoma kwa sauti mara mbili, ile sehemu ya Mpare mara tatu. Nimefurahi sana kusikia kwamba bibi yupo.

Kosa ni langu, sikukueleza yote. Ukichagua Try, unakuwa unapika kwenye jiko la jirani. Chakula unapika, unakiona, lakini ukiondoka jiko linabaki kwake na sufuria inaoshwa. Ulichoweka kwenye ule uso wa mbele kilikuwa cha CD, na CD haishiki kitu. Picha zako za asili hazijaguswa, zimo kwenye diski yako, na bibi pia yumo. Uliyopoteza ni kazi ya siku mbili. Pole sana.

Sasa usimike jiko lako mwenyewe. Anifa anakuja Jumamosi na hard diski yangu ya nje. Kwanza nakilini picha zote humo. Usiguse kitu kingine kabla ya hapo, nakusihi. Zikishaingia, chomoa hiyo diski, mpe Anifa aishike mapajani. Ndipo uchague Install. Itakuuliza tena: kukaa pamoja na window, au kufuta vyote. Neno la kufuta ni Erase. Ukiliona, litolee macho kama unavyonitoleaga mimi. Chagua kukaa pamoja.

Kuhusu malipo, Mpare amesikia. Hii kitu ni bure, na unaruhusiwa kumpa mwenzio. Ndivyo walivyoandika wenyewe waliotengeneza, mimi nilipewa hivyo hivyo na mwalimu mwenzangu. Nakili CD, mpe mtu mwingine mwenye shida kama yako. Hapo utakuwa umenilipa.

Shemeji yako,
Elisante

*

Kasulu, 14 Aprili 2013

Shemeji yangu wa nguvu,

Mvua huku haina mchezo, lakini wazima sote. Anifa atakuwa amekusimulia, ila atakuwa ameongeza chumvi. Si kweli kwamba nilisoma dua nilipobonyeza Install. Nilisema bismillahi tu, kama mtu yeyote.

Ubuntu imekaa. Siku za mwanzo nilikuwa natafuta vitu kama mgeni jikoni kwa wenzake, kijiko kipo wapi, chumvi ipo wapi. Printa iligoma, nikaibembeleza, ikagoma, ukaja ushauri wako kwenye simu, ikakubali. Kile cha kusafishia picha kina vitufe vingi mno lakini tumezoeana. Flashi za wateja sasa nachomeka bila kushika moyo. Na jina lenyewe halikunisumbua, hata kwa Kiha ubuntu ni utu.

CD nimenakili. Moja nimempa katibu wa parokia, mashine yake ilikuwa inakufa kila Ijumaa. Nyingine amechukua yule fundi! Alikuja kuona kwa macho yake, kisha akaomba. Nikampa. Hakuwa na nia mbaya, alichojua ni hicho tu.

Shemeji, wakati mnaoana nilimwambia Anifa anakwenda mbali na kwa watu wasio wetu. Sasa namshukuru Mungu aliyekuleta huku mwisho wa reli. Asante sana. Na yule bibi, mama wa Ndihokubwayo, nimemsafisha upya. Anasubiri.

Shemeji yako,
Mwajabu

*

Kibondo, 30 Mei 2015

Shemeji,

Habari za siku nyingi? Simu zetu za haraka haraka hazitoshi, nimeona nirudie kalamu. Sisi wazima. Huku kila siku tunasikia Warundi wanavuka tena kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu imefurika. Anifa jana usiku aliniuliza kuhusu yule Ndihokubwayo wako. Umepata habari yoyote? Kompyuta je, bado inapumua?

Shemeji yako,
Elisante

*

Kasulu, 28 Juni 2015

Shemeji yangu Elisante, na wewe Anifa, maana najua utasoma,

Tupo, tunamshukuru Mungu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza yaishe niyaandike yote.

Kompyuta inapumua. Na habari nimepata. Wiki mbili zilizopita alikuja Chantal, yule Mkongomani anayechukua vitenge hapa kwenda kuuza Nyarugusu. Akaniambia, "Mama Mwajabu, kuko mama moja Mrundi, iko nakutafuta. Anasema uko na foto ya mama yake." Nikaacha chai yangu pale pale.

Sikuuliza mengi. Nilifungua kompyuta, folda ya Mtabila, huyo hapo. Nikatoa nakala kadhaa kwenye karatasi nzuri, siku ya soko nikaenda na Chantal mpaka Nyarugusu. Ndihokubwayo amekonda, shemeji, nilimjua kwa sauti. Mama yake alifariki mwaka ule ule waliorudi. Nyumba wameikimbia, na kaburi ameliacha huko. Alikuwa na kanga moja na kitambulisho.

Nikampa bahasha. Akaifungua, akasema tu kwa Kirundi chao, "Yoo, mawe!", yaani mama yangu. Akakaa chini, nami nikakaa. Tulikaa hapo muda mrefu, watu wanatupita na mizigo yao.

Baadaye akauliza anilipe nini. Maneno yakanitoka yenyewe, ya kwako: ni bure, na unaruhusiwa kumpa mwenzio. Nikamwambia nakala zile ni za ndugu zake wote, na zikipotea aseme, nitatoa nyingine, hata mara mia.

Akazihesabu ndugu kwa ndugu, waliopo kambini na waliobaki. Kisha akanirudishia moja. Akasema, "Hii ikae kwako. Mlango ule mama aliupenda."

Nimeitundika kwenye ile fremu ya mlango, pale pale alipokuwa ameweka mkono. Mkija Kasulu mtamkuta, yeye ndiye atawapokea. Msipite bila kumsalimia.

Shemeji yako, na dada yenu,
Mwajabu