Hadaiwi Kitu

Mama Masunga,

Mimi Masalu, mumeo, nina miaka sabini na minne. Nimeishinda njaa ile watu walipochimba mizizi. Nimeshinda ndui, imeniachia alama tu. Nilihamishwa kwenda kijiji cha pamoja na nyumba yangu ikachomwa, nikajenga nyingine kubwa kuliko ile. Nimeuona ushirika unazaliwa, nimeuona unakufa na pamba yetu tumboni. Hakuna mzee hapa aliyeyapita hayo yote akabaki na meno.

Na wewe nimekupita. Hilo sikuliomba. Ulikuwa unasema, "Baba Masunga, wewe nitakuzika mdomo ukiwa wazi, maana haufungiki." Basi mdomo ungali wazi. Wewe ndiye umenyamaza.

Barua hii naandika mwenyewe. Masunga alitaka kuniandikia, nikamfukuza. Herufi ulizonichorea kwa kidole kwenye unga uliomwagika chini ya mashine bado ninazo, ila zinakuja polepole kama ng'ombe wa kiangazi. Utavumilia.

Habari ni ya mashine. Naisema taratibu kwa sababu inauma.

Unakumbuka serikali iliposema ruksa, kila mtu afanye biashara, wanunuzi wa pamba wakaja na mizani zao. Nikauza ng'ombe nikanunua mashine ya kusaga. Watu wakanicheka kisimani na mnadani: "Msukuma gani huyo, anauza ng'ombe anunue chuma kinachokunywa dizeli!" Mwaka uliofuata wake zao walipanga foleni kwangu na ndoo kichwani. Ukutani nikaandikisha MASALU kwa rangi nyekundu, herufi za kuonekana toka barabarani. Lakini leseni na karatasi za kodi zilikuwa kwa jina lako, Kabula. Mimi sikuwa mtu wa kukaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa na mtoto aliyevaa tai. Ulikuwa unakwenda wewe Bariadi mjini na kanga yako ya kijani, unajaza, unarudi na dagaa. Mimi nilijua kazi ni kwenda na kurudi.

Siku ya kukuzika nilisimama penye udongo, Katekista Petro akiwa pembeni yangu. Nikasema kwa sauti, unajua sauti yangu: "Anayemdai Kabula aje mbele sasa hivi, nimlipe hapa hapa." Akatoka Mama Dotto peke yake, analia, akasema yeye ndiye anadaiwa na wewe, debe la unga toka masika. Watu wakacheka huku wanalia. Nikasema, "Basi mmesikia wote. Mke wangu anakwenda hadaiwi kitu." Wakaitikia. Ndipo tukakufukia.

Mashine nikaizima. Isingenguruma kabla ya kumaliza matanga yako, hata wangeniletea mahindi ya wilaya nzima. Na sanduku lako sikuligusa. Kwetu sanduku la mke aliyekufa wanafungua ndugu zake, siyo mume, na kabla ya hapo matanga hayaishi. Shemeji Ng'wandu, kaka yako, alikuwa amesharudi Lalago baada ya mazishi, akatuma neno kwamba atakuja pamba ikishauzwa. Mnunuzi akachukua pamba kwa maneno, fedha baadaye. Shemeji akasubiri fedha, sisi tukamsubiri shemeji. Alipofika na kufungua, tulikuta kanga zako, rozari, na karatasi ya kodi iko juu kabisa. Jina umeshaandika. Mahali pa hesabu peupe. Siku ya kuirudisha ilikuwa imekwishapita, na hata mwezi wake.

Nikasema si kitu, mashine imelala, kodi ya nini?

Ikaja barua toka ofisi ya kodi. "Kwa Bi. Kabula. Umechelewa." Nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka nikaitupa chini. Uko kaburini, wanakwambia umechelewa! Wewe, uliyekuwa unaamka kabla ya jogoo!

Nikavaa koti nikaenda Bariadi. Kijana wa ofisi hiyo alinipa kiti, siwezi kumsingizia. Akasema, "Mzee wangu, hii siyo kodi. Ni adhabu ya kutoleta ritani, ile karatasi ya hesabu, kwa wakati." Nikamuuliza, niandike nini na mashine haikusaga hata kibaba? "Ungeandika sifuri, mzee." Nikasema kwa hiyo natozwa kwa kuchelewa kuwaletea sifuri. Wenzake wakacheka. Nikawaambia, mvua ikikosa, mkulima anakwenda kwa nani kutoa taarifa kwamba hakuvuna? Kicheko kikaisha, lakini adhabu haikuisha. Kila mwezi ilikuwa inaongezeka.

Nikapinga. Mimi si mtu wa kupigwa upande mmoja. Katekista akaniandikia barua kwa wakubwa wao Shinyanga: mtu hawezi kuchelewa akiwa amekufa. Tukasubiri mpaka mtama ukaota, ukavunwa. Jibu likarudi kwamba sababu haikubaliki, familia ilitakiwa kutoa taarifa ya kifo mapema, na biashara ilikuwa haijafungwa. Nikapinga tena. Wakajibu tena. Mara ya mwisho yule kijana akanivuta nje, kwenye kivuli cha ukuta. Akasema, "Babu, usijiumize. Leta cheti cha kifo. Tunaandika deni halikusanyiki, tunafunga jalada la marehemu, wewe unaanza upya kwa jina lako. Hutoi hata senti."

Nikamuuliza jalada litafungwa likiwa limeandikwa nini. Akasema litaandikwa hivyo hivyo, kwamba alikuwa anadaiwa, hakulipa, akafa.

Mama Masunga, nilirudi nyumbani kwa miguu kipande kirefu kwa sababu nilisahau kupanda gari.

Wote wakasema chukua hiyo. Masunga alisema, "Baba, mama hana shida na jalada." Shemeji Ng'wandu akaja toka Lalago makusudi kunitukana. "Shemeji, wewe unapigana na serikali kama dume linalopiga gari pembe! Marehemu halipi kodi. Wakimtaka, watamfunga jela gani?" Nikamwambia, wewe ulikuwepo kaburini, uliitikia, sasa unataka tufukue maneno? Akasema kaburi halijui ofisi. Nikasema mimi najua vyote viwili.

Wala usidhani nilikubali kwamba wana haki. Sikubali mpaka leo. Ulikuwa hujachelewa. Lakini mimi nilisimama juu ya udongo wako nikasema neno, na ndani ya kabati moja pale mjini kulikuwa na karatasi inayosema Masalu ni mwongo na mkewe ni mdaiwa. Sikupata usingizi na kabati hilo.

Ng'ombe walikuwa wamebaki wachache, kiangazi kimewamaliza. Niliuza wale wawili wa kulimia. Hawakutosha. Nikauza injini. Alikuja mtu toka Magu na lori, vijana sita wakainyanyua, wakavunja kizingiti cha mlango ili ipite. Masunga hakuja kuangalia. Alikuwa anategemea mashine hiyo kusomeshea watoto. Toka siku hiyo anaweka michembe, viazi vyetu vikavu, mbele yangu bila kusema karibu. Ana haki ya kununa. Mimi nina haki yangu.

Nikalipa. Kijana akahesabu, akaniambia, "Babu, ulikuwa na njia ya bure." Nikamwambia andika risiti kwa jina lake, na kwenye jalada andika neno moja: HADAIWI. Akasema hawana utaratibu wa neno hilo. Nikakaa. Walifunga dirisha kwa chakula, nikakaa. Walipofungua nilikuwa pale pale. Akachukua kalamu akaliandika, akaligonga muhuri, akaniruhusu nilisome. Nilianza na H. Nilifika mwisho bila kusaidiwa.

Jumapili baada ya ibada niliwaita tena kaburini kwako. Nikasoma risiti yote, hata mambo ya pembeni nisiyoyaelewa. Watu wakaitikia kama mwanzo, ila safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa nyumba ya mashine ni tupu. Jina MASALU liko ukutani, kinu kimebaki kama kichwa bila kiwiliwili, na njiwa wametaga juu yake. Asubuhi nikiamka masikio yangu yanasubiri muungurumo, halafu nakumbuka. Jioni nasubiri kikohozi chako cha unga, halafu nakumbuka tena.

Lala, Mama Masunga. Wabeja, asante kwa yote. Mimi nakuja, lakini sitaki kuja na mzigo. Nakuahidi kwamba siku yangu ikifika, atakayesimama juu ya udongo wangu hatapata mtu wa kutoka mbele. Nitaulipa hata ule mchicha wa jirani.

Wakikuambia huko kwamba Masalu anajisifu tu, mashahidi wapo. Ng'wandu wa Lalago, aliyenitukana na Jumapili ile akaitikia kwa sauti kuliko wote. Katekista Petro. Yule kijana wa ofisini, muhuri ni wake. Na Mama Dotto, ambaye juzi alileta debe lako mlangoni, limejaa hadi juu. Nilitia kidole nikaonja. Unga mzuri. Umesagwa kwenye mashine ya watu.