Damu ya Waliobeba Machela

Mama mpenzi, uliyelala Kashojwa,

Jumanne iliyopita nilikalishwa kwenye kiti saa nzima nisifanye lolote. Nisioshe chupa, nisiguse simu, nisisimame hata kufunga dirisha. Wewe uliyekuwa ukinitafutia kazi kila uliponiona nimekaa, najua ungecheka. Basi saa nzima niliwaza wewe tu, na nilipoinuka nikajua nina deni la barua.

Kwanza habari za nyumbani. Nimepanga chumba na sebule hapa Kakiika, mimi na mjukuu wako Ineza. Ana miaka tisa, hukumwona, na mdomo wake ni wako kabisa. Nafanya kazi katika maabara ya chuo, Mbarara mjini, tunakochunguza ubongo na neva. Nakuona unainua kidevu na kuuliza, "Na hiyo ndiyo kazi gani?" Ngoja nikueleze.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna vitu vidogo mno vinavyoitwa mitokondria. Kazi yake ni kuchukua chakula tulichokula na hewa tuliyovuta na kuvigeuza kuwa nguvu. Ubongo, neva na misuli ndio walaji wakubwa wa nguvu hiyo, kwa hiyo mitokondria zikiharibika hao ndio wa kwanza kulalamika. Kope zinaanguka, miguu inakataa njiani, koo linagoma kumeza. Nilisoma maneno hayo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, ikabidi nitoke nje ya darasa.

Tangu nipate akili, kope zako zilikuwa zimeanguka. Ili umwone mtu usoni ilikubidi urudishe kichwa nyuma, na majirani wakasema una maringo, unawatazama watu kwa pua. Shambani ulipiga jembe mara kumi, ukakaa. Wakakuita mvivu. Nilikasirika sana utotoni, mama, na mpaka leo bado nimekasirika kidogo, nisikudanganye.

Kazi iliyokufaa ilikuwa kuchagua maharage. Ulikaa mlangoni na ungo magotini, kope moja umeishikilia kwa kidole, mkono wa pili unatenga: mazima huku, yaliyotobolewa na wadudu kule. Mazima uliyapika kwenye sufuria yetu watoto. Yaliyotobolewa uliyachemsha kando, ukala mwenyewe, ukatuambia eti hayo ndiyo matamu. Nilikuamini mpaka nikawa mtu mzima.

Halafu kuna safari ile ya mwisho, walipokubeba kwa machela kwenda zahanati ya Base Camp. Wanaume wanne mabegani, wanne pembeni wakingoja zamu, kama ilivyokuwa kwetu Burundi mgonjwa anaposhindwa kutembea. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika viatu vyako. Nikaona jasho la Salvator, jirani yetu, likidondoka kwenye vumbi, nikasema kwa sauti, "Mama, wamechoka." Ulinikemea kutoka huko juu.

"Usiseme vile tena. Mwenye kubebwa ana masikio."

Na Salvator, ambaye alikuwa akihema kama ng'ombe wa mlimani, akasema, "Nani amechoka? Uyu mama ni mwepesi kama mutoto." Siku hiyo nikaijua sheria ya machela. Anayebeba hasemi amechoka, hata akiulizwa, maadamu mgonjwa anasikia. Hukunifundisha jambo jingine nililolishika hivyo, na mwaka huu karibu liniue kwa hofu.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo Goreth, mdogo wako, naye kope zimeanguka na miguu imekuwa mizito. Profesa wetu, mama wa Kinyankore mwenye sauti ndogo na maswali makubwa, alianzisha utafiti wa watu wa Nakivale, kambi yetu ile ya wakimbizi, wenye dalili kama hizo. Tukaenda siku moja zahanati ya Base Camp na vifaa vyetu, mimi na mwenzangu Annet. Annet ndiye mtaalamu wetu wa kutoa damu. Ni mke wa mwanajeshi, anaishi kambi ya jeshi hapa Mbarara, na Kiswahili chake ni cha kambini, kinaamrisha hata kikikukaribisha chai.

Wagonjwa wengi waliletwa kwa machela. Nilimwona mama mdogo akija kwa mbali, nikaenda kumlaki, nikakuta mmoja wa wabebaji ana kidonda begani. Nikachukua nafasi yake, na koti langu jeupe la maabara, mpaka mlangoni pa zahanati.

"Mutoto yangu, utachafula iyo nguo," mama mdogo akalalamika. "Mimi niko nalala tu kama bibi arusi, ninyi ndo munachoka."

"Nani amechoka?" akasema Salvator. Bado yumo kwenye kikundi, mama. Nywele zimekuwa nyeupe lakini bega halijastaafu.

Utafiti wa namna hii unahitaji watu wazima wenye afya, ili damu yao ilinganishwe na ya wagonjwa. Annet alipowaona wabebaji alifurahi. Watu wenye nguvu, wako papo hapo, na wamekubali! Akawapanga ukutani, akamuuliza kila mmoja kama karatasi ilivyotaka: "Wewe umechoka ama hapana?" Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka hapo. Kila mmoja akajibu hajachoka. Salvator alijibu hata kabla ya kuulizwa. Nami nilikuwa mmoja wa wazima wa kulinganishwa, nikaulizwa, nikasema, "Sijachoka." Annet akaandika.

Tulichokuwa tunapima kinaitwa lakteti. Hupanda kwenye damu mitokondria zikiwa mbovu. Hupanda vilevile misuli ya mtu mzima inapofanyishwa kazi kupita kiasi. Haya yote nayajua, ndiyo kazi yangu, na bado sikufikiri.

Majibu ya kwanza kutoka yalikuwa ya vinasaba vya mama mdogo. Ana kasoro kwenye mitokondria zake. Na mitokondria, mama, hatuzipati kwa baba. Zinatoka kwa mama peke yake. Kwa hiyo kasoro ile ilitoka kwa bibi, na wewe ulikuwa nayo, na njia yake inapita kwangu kwenda kwa Ineza. Siku chache baadaye nikaona lakteti yangu. Naijua namba yangu, niliibandika mwenyewe kwenye chupa. Ilikuwa juu sana.

Wiki tatu nilikaa na jambo hilo moyoni. Kazini nilicheka na watu, kisha nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikajitazama kope kwenye kioo. Asubuhi Ineza alipopanda kilima cha shule mimi nilisimama chini nikihesabu mara anazopumzika. Alipumzika mara moja, kufunga kamba ya kiatu. Nilirudi nyumbani nikalia kwa ajili ya kamba ya kiatu.

Wewe ulikuwa na wasiwasi kwamba mjini nitakaa peke yangu. Laiti ungeziona Ijumaa zetu! Kila Ijumaa maabara nzima inakaa meza moja: Profesa, wanafunzi, Annet, dereva, na dada anayeosha vyombo. Mwenye majibu mapya anayaonyesha ukutani, na ndiye anayeleta karanga za kuchemsha. Yeyote ana ruhusa ya kuuliza. Dereva wetu anauliza maswali yanayowatoa jasho wanafunzi wa udaktari. Mtu akifiwa, tunaenda wote. Mtu akijifungua, tunaenda wote, na Annet anashika usukani wa jikoni kama operesheni.

Ijumaa moja zamu ikawa ya majibu ya Nakivale. Mwanafunzi aliyeyaleta alikuwa amenyong'onyea. Lakteti za wagonjwa zilikuwa za wastani. Za wazima zilikuwa zimepaa, zote, tena vibaya. Wagonjwa wamepona na wazima wameugua! Mwanafunzi akasema kwa upole kwamba labda chupa zilichanganywa, na macho yote yakamgeukia Annet.

"Mimi hapana changanya," Annet akasema. "Kila chupa mimi naandika mbele ya mwenyewe."

Nikaitazama orodha tena. Namba yangu haikuwa peke yake kama nilivyodhani. Ilikuwa katikati ya zile za wenzangu, na iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya yule aliyejibu kabla ya kuulizwa. Nikaliona jasho la Salvator likidondoka kwenye vumbi. Mama, nilicheka. Nilicheka mpaka karanga zikanipalia.

"Profesa," nikasema, "hawa wazima ndio waliowabeba wagonjwa. Wagonjwa walikuja wamelala."

"Lakini waliulizwa. Wote walisema hawajachoka," akasema Profesa.

"Mgonjwa alikuwa anasikia," nikasema, nikawaeleza sheria yako.

Dereva akaanza kucheka, wakafuata wengine, Profesa akavua miwani akafuta macho. Akamwomba Annet radhi mbele ya wote. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kulia na kucheka pamoja, nikawaambia hofu yangu yote. Annet alinitazama kama aliyemfuma mwizi.

"Wiki tatu unabeba hii kitu peke yako? Na sisi ni nini hapa, viti?"

Alinipeleka mwenyewe kwa mshauri wa mambo ya vinasaba, akaningoja nje.

Tulirudi kambini, kijijini Kashojwa, kupima upya, safari hii kila mbebaji kwake, kitini, baada ya kukaa saa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Watu hawa wanaweza kubeba mtu mzima mpaka Base Camp lakini hawawezi kukaa. Salvator alivumilia dakika kumi, akavuta machela akaanza kukaza kamba. "Mzee, weka chini hiyo kamba!" Annet akapiga kelele. "Kaa kama afande!" Akakaa, mikono magotini, uso kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Jumanne ikawa zamu yangu. Nilitoa damu na mkojo, wapime lakteti na vinasaba pia. Leo asubuhi Profesa ameniita ofisini. Lakteti iko chini, panapotakiwa. Kasoro ninayo, lakini ni kidogo sana, kidogo kiasi kwamba Profesa hatarajii inisumbue. Na Ineza akikua, akitaka mwenyewe kujua, atapimwa. Kwa sasa anapanda kilima, nami nimeacha kuhesabu.

Mama mdogo hajapona, dawa ya kuliondoa jambo hili haijapatikana. Ila ugonjwa wake una jina sasa, na hakuna anayemwita mvivu. Ana miwani yenye waya mdogo unaoshikilia kope. Siku ya kwanza kuivaa alimtazama Salvator bila kuinua kidevu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Kijiji kizima kinalirudia neno hilo. Nilifurahi, kisha nikakaa kando kidogo, kwa sababu waya ule ni mdogo kweli, na wewe uliishikilia kope kwa kidole maisha yako yote.

Nilimuuliza Profesa inawezekanaje wewe uzidiwe vile na mimi niwe mzima hivi. Akasema mama mwenye kasoro hii anakuwa na mitokondria nzuri na mbaya zimechanganyika, na kila mtoto anapata fungu lake. Wewe ulibaki na mbaya nyingi, mimi nikapata karibu nzuri tupu. Hakuna anayechagua, akasema, ni bahati tu.

Profesa ni mwalimu wangu na sikumbishia. Lakini yeye hakukuona mlangoni na ungo.

Pumzika, mama. Siku ile njiani hakuna aliyechoka.

Binti yako,
yule aliyeshika viatu