Milioni Moja na Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kasema moyo umechoka. Alisema kwa adabu — siku zilizobaki hakuzitaja. Njiani binti yangu akaniambia mchonga mawe anaanza Jumamosi. Jiwe moja la kaburi, la wawili, baba yake na mimi. Chini ya majina: 1,000,009 = 1000² + 3². Namba ya marehemu mume wangu.
Moyo ukaniruka. Si kwa ugonjwa.

Jumanne, 5 Machi
Niandike, maana wa kumwambia hayupo.
Alinichumbia kwa namba hiyo. Tulikuwa walimu wa hesabu, ubao mmoja wa kugombania. Yeye ndiye elfu, mimi tatu, akanitania. Nikamjibu kwamba bila tatu yangu kila mpita njia angemgawanya.
Msimu mzima wa mvua aliigawa kwa mkono, kwa kila namba tasa hadi elfu. Haikugawanyika. Basi nayo ni tasa, na namba tasa haiwi jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. "Njia moja tu," alisema, "kama sisi."
Kila darasa alilifundisha hivyo, hadi kustaafu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeisikia tena. Mchana kweupe, nyuma ya ukuta — chaki yake. 277. 281. 283. 307. Anaruka! Siku zote anairuka 293. Orodha ya namba tasa aliiandika kwa kichwa, bila kutazama kitabu.
Niligundua nikimenya viazi, yeye angali hai, kitandani, mgonjwa. Mraba wa 235 na mraba wa 972. Jumla ile ile. Njia ya pili! Nikagawa kwa 293: 3413, bila baki. Kutoka chumbani akauliza mbona kimya. Nikasema kisu kimenikata kidole.
Nikamzika na kosa lake. Sasa jiwe litadanganya juu ya vichwa vyetu wote wawili.

Jumamosi, 9 Machi
Nimesema. Binti alikuja asubuhi na simu mkononi, mchonga mawe anataka maneno ya mwisho. Nikamwambia namba ile ina kasoro, baba yake alikosea, nami nilijua.
Hakushtuka. Akakaa miguuni pangu, akauliza kama ndiyo sababu ya ile nafasi.
Nafasi gani?
Kumbe marehemu, wiki yake ya mwisho, alimwekea sharti: chini ya mstari wake uachwe mstari mtupu.
"Alisema, 'Huo wa mama yako. Ana jibu, ananificha. Mwache, atalitoa mwenyewe.'"
Na kile kidole hakuomba kukiona hata mara moja! Nilidhani ni kwa maumivu yake.
Mchonga mawe atapiga simu tena baada ya chakula. Binti bado yupo miguuni pa kitanda. Anadhani mstari wenyewe ndio ninaouandika hapa.
Nyuma ya ukuta chaki imeanza. 277. 281. 283.
Mara hii haikuruka. Imesimama.